Nyanya za Ukuta Mweupe

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako ya zao la pili imefika jana. Karatasi ya vipimo nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa nguo. Waridi 26, jekundu 29. Miligramu ishirini na tisa za vitamini C katika gramu mia moja za tunda lililoiva mpaka linataka kudondoka! Nyanya ya kawaida hupanda mpaka ipate rangi ya waridi, halafu ikikolea wekundu huanza kupoteza. Ya kwetu haipotezi.

Najua unajua. Wewe umepima miaka thelathini na moja, mimi nimesoma tu. Lakini niache niseme tena, ndiyo raha iliyobaki. Mmea hutengeneza vitamini C yake yenyewe, kwenye jani na kwenye tunda, na mlangoni mwa kiwanda hicho amekaa bawabu. Vitamini ikijaa ndani, bawabu hufunga mlango: imetosha. Jua likiwaka, hufungua. Tunda linapolainika, hata ile gundi inayoshikilia nyama yake huvunjika, na sehemu yake hugeuzwa vitamini. Kisha uzee wa tunda unaingia, kilichotumika hakirudishwi tena kama mwanzo, na hesabu inashuka. Dai langu tangu ujana ni moja: katika mbegu yetu, bawabu yule alizaliwa msinziaji. Hafungi mlango.

Sasa sikiliza. Mkuu wa Kituo cha Mbegu ameniandikia. Mazao mawili ameyakubali. Akipata la tatu, na jekundu lisiwe chini ya waridi, kituo kitaichukua mbegu na kunipa barua ya mwaliko nije kuisimamia. Bila barua hiyo ofisi ya huku hainigongei muhuri, maana jina langu bado liko kwenye ile orodha ya waliofukuzwa iliyobandikwa mlangoni mwa maabara mwaka nilioondoka na begi moja. Kibali changu cha kusafiri kinakwisha mwisho wa Januari, na kwa umri wangu hawatoi kingine. Daktari naye siku hizi ananiongelesha kwa upole ambao siupendi. Kwa hiyo ni zao hili, Sindano. La nne halipo.

Huku ni mvua tangu juzi. Viatu vya watu vimelowa mpaka kwenye kamba. Mimi niko salama mezani kwangu, mbele ya dirisha langu refu.

Kaka yako


Tarehe 17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Umenieleza habari za bawabu kana kwamba tumejuana jana. Nilipokuwa mtunza maabara pale shuleni niliwasimulia wanafunzi huyo bawabu wako mpaka wakaniita Mama Bawabu, na mwalimu wa hesabu akaniuliza kwa upole kama ni jina la marehemu mume wangu.

Miche arobaini iko ardhini, mstari mmoja chini ya ukuta wa Baba, kama kawaida. Ukuta nimeupaka chokaa mwenyewe, mikono miwili, na mgongo umenilaani. Unang'aa mpaka macho yanauma. Na sheria yako inafuatwa: hakuna nyanya nyingine iliyovuka lango hili. Wiki iliyopita mpangaji wa chumba cha nyuma alirudi na mfuko wa nyanya za sokoni. Nikamsimamisha langoni. "Mama, ni za mchuzi tu," ananiambia. Nikamwambia apikie hukohuko barabarani. Anadhani nimerogwa.

Chumba chako nimekifungua madirisha. Kitanda kile kile, godoro jipya. Nimeweka na kiti cha kukaa barazani, ile sehemu uliyokuwa unapenda, inayotazama nyanya.

Jirani naye anajenga kidogo. Ni vumbi tu, usijali.

Sindano


Tarehe 9 Juni

Kaka,

Nimepima. Waridi 17, jekundu 13.

Nimerudia mara nne. Nimeponda, nimechuja kwa kitambaa kipya, nimetia asidi papo hapo kama ulivyonifundisha ili isiharibike, nimedondosha rangi ya buluu tone kwa tone. Huenda rangi yenyewe ni ya zamani, mwalimu wa maabara alinipa kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa. Huenda ni macho yangu. Unajua mwenyewe juisi ya nyanya ni nyekundu, na alama tunayoingoja, ule uwaridi unaobaki buluu inapokosa wa kuimeza, inajificha humo humo. Sahani nyeupe niliiweka chini ya glasi. Mvua nayo ilizidi mwaka huu. Na upepo. Na mbolea sikuiamini.

Kituoni sijapeleka kitu.

Usikae na njaa kwa ajili ya hili. Nakujua.

Sindano


Tarehe 21 Juni

Sindano,

Nimekaa na karatasi yako siku mbili kabla ya kushika kalamu, na bado naandika kwa hasira, kwa hiyo nisamehe mapema.

Rangi ya zamani haifanyi hivyo. Rangi iliyochujuka huongeza hesabu, haipunguzi. Inamaliza matone mengi zaidi kabla ya kuacha alama. Macho mabovu hukosea moja au mbili, hayakosei kumi na sita. Upepo hauna vitamini. Umeniandikia visingizio vitano, na mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji vitano.

13 ni nyanya ya sokoni. Kwa hiyo ni nyanya ya sokoni. Umechanganya mbegu. Mwaka gani sijui. Labda ulisahau kukausha, labda panya walikula ukaona aibu, ukanunua tunda mtaani ukakamua mbegu zake na kuziweka kwenye bahasha yangu. Miaka thelathini na moja nilikuachia kitu kimoja tu cha kutunza. Sikukuachia ng'ombe wala wazee. Bahasha moja.

Niambie ukweli, ili angalau nijue ilikufa lini.

Kaka yako


Tarehe 4 Julai

Wewe,

Shikamoo siiandiki leo.

Wazee hukuniachia? Baba alikufia mikononi mwa nani? Mama alimwita nani usiku na mchana mpaka akaanza kuniita kwa jina lako? Bahasha moja! Bahasha hiyo nililala nayo kifuani wakati watu wanakimbia na magodoro vichwani. Kila mwaka nimechagua tunda kwa maelekezo yako: lile la juu, lililokolea, linalotazama ukuta. Mbegu zake nimezivundika kwenye glasi siku tatu, nimeziosha, nimezikausha juu ya gazeti, tarehe nimeandika. Mbegu ni zile zile.

Unataka ukweli, shika. Jirani amejenga ghorofa nne. Bwana Ghorofa, mtaa mzima sasa ndivyo unavyomwita. Alianza Februari, na kufikia mwisho wa Aprili alikuwa amepita paa letu. Jua linatugusa asubuhi tu, saa moja mpaka saa tatu, basi. Baada ya hapo uwanja mzima ni kivuli, na ukuta wa Baba, chokaa yote ile, ni kama shuka lililoanikwa ndani ya nyumba. Nyanya zilirefuka kutafuta mwanga mpaka nikazifunga kwa vijiti viwili viwili.

Sikukuambia kwa sababu unaporudi, unarudi kwenye uwanja ule. Miaka yote unaniuliza: ukuta bado unang'aa? Ningekujibu nini?

Sasa umejua. Na sijachanganya mbegu.

Mdogo wako, ambaye hakuachiwa kitu


Tarehe 15 Julai

Sindano wangu,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako nikiwa mtu mzima, nikajiona mtoto. Baba na Mama walikuwa wako peke yako, na mimi nilituma barua tu. Sina la kujitetea.

Nilipofika kwenye ghorofa nne nilicheka kwa sauti. Kivuli! Kumbe ni kivuli! Jani lisiloona jua halina cha kutengeneza, na tunda lililo gizani hata bawabu wake akiwa mlevi hafungui. Mbegu ni salama, nikasema. Nikala vizuri siku ile.

Lakini kesho yake, nikiwa navaa soksi, fikra moja ilinijia ikanikalisha kitandani na soksi moja mguuni. Nakuandikia kama ilivyonijia.

Kama bawabu wetu hafungi, kivuli kingemshusha, sawa, lakini kingemwacha juu kidogo ya wengine. Jekundu lingekuwa chini, ila lisingekuwa chini ya waridi. Wewe umepata 17 na 13. Ndiyo tabia ya nyanya yoyote, hatua kwa hatua. Basi labda hizo 29 na 30 za miaka yote hazikuwa za mbegu. Labda zilikuwa za ukuta. Jua mbele, chokaa nyuma inarudisha jua lile lile kwenye jani na kwenye tunda, mchana kutwa. Na sisi tukichagua kila mwaka lile tunda la juu, linalotazama ukuta, yaani lililoota jua kuliko yote.

Jibu lake lilikuwa rahisi: kupanda nyanya ya sokoni pembeni ya yetu, ukuta ule ule, mwaka ule ule, na kupima zote mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefanya hivyo. Sisi hatukufanya, hata mara moja, kwa sababu mimi nilikataza nyanya nyingine isivuke lango. Niliogopa nyuki wasije wakachafua mbegu yetu. Nililinda damu yake vizuri mpaka nikasahau kuilinganisha.

Fanya hivi, tafadhali. Mwombe Bwana Ghorofa akupe pembe ya paa lake. Makopo sita ya yetu, sita ya sokoni, udongo mmoja, maji mamoja, jua moja. Muda upo, mpaka Novemba mwanzoni zitakuwa zimeiva. Kisha niandikie kilichotokea. Kilichotokea tu.

Huku ni joto, vumbi jingi kwenye viatu vya watu.

Kaka yako


Tarehe 5 Novemba

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo tena ya ile barua niliyokunyima.

Kaa chini kwanza. Hamisha nguo kwenye kiti.

Ya kwetu: waridi 27.4, jekundu 31.2. Ya sokoni: waridi 19.6, jekundu 14.1.

Bwana Ghorofa alikubali paa kwa sharti nisimwite tena jina hilo. Fundi cherehani wa ghorofa ya juu ndiye aliyenisaidia kubeba makopo na maji, ngazi themanini na nne, akinung'unika kila ngazi kwamba nyanya zangu zimesoma kuliko yeye. Nilipima mbele yake. Tone la mwisho lilipoacha uwaridi akauliza, "Sasa hapo ndiyo imeshinda au imeshindwa?" Nikamwambia imeshinda.

Kituoni nimepeleka mwenyewe, na saini yangu. Nimewaeleza kwamba zao la ukutani liliharibiwa na ujenzi na hili la paa ndilo la tatu. Karani alinipa soda.

Bawabu wako amelala fofofo, Kaka. Funga begi.

Sindano


Tarehe 18 Novemba

Kwa Mtafiti wetu wa zamani,

Tumepokea takwimu za zao la tatu kutoka kwa dada yako, na zimekidhi sharti tulilokubaliana. Kituo kinafurahi kukualika kuja kusimamia majaribio ya mbegu yako kuanzia mwezi Februari. Mbegu zitakazopatikana zinakusudiwa kugawiwa kwa bustani za shule na za hospitali. Barua hii, yenye muhuri wa kituo, itumike katika ofisi ya uhamiaji ya huko uliko.

Binafsi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo mwaka ile orodha ilipobandikwa. Nilisimama nyuma, sikusema kitu. Karibu nyumbani.

Mkuu wa Kituo


Tarehe 30 Novemba

Kwa Mkuu wa Kituo,

Naomba takwimu za zao la tatu zifutwe, na ombi langu la majaribio liondolewe.

Nambari zile si za mwaka huu. Zilitoka kwenye daftari langu la zamani, na zilifika kwenu kwa kosa langu mimi, niliyempa dada yangu maelekezo yaliyomchanganya. Yeye alifuata nilichomwagiza. Naomba asiulizwe.

Kwa kadiri ninavyoelewa sasa, mbegu hiyo haina tofauti na nyingine. Wingi wa vitamini C tulioupima miaka yote ulitokana na mwanga wa mahali ilipopandwa. Mkiigawa kwa shule na hospitali mtakuwa mmegawa nyanya ya kawaida yenye sifa isiyo yake.

Nashukuru kwa heshima mliyonipa.

Aliyekuwa mtafiti wenu


Tarehe 14 Desemba

Kaka!

Nimetoka kituoni sasa hivi, naandikia kwenye kaunta ya posta, watu nyuma yangu wanaguna. Mkuu ameniita ofisini akanionyesha barua yako. Alikuwa na huzuni, si mkali. Anasema walikuwa wameshakutumia mwaliko, lakini baada ya barua yako mwaliko umekufa.

Ni wazi barua zimepishana njiani. Uliandika kabla ya kupata ya kwao. Bado muda upo, kibali chako ni mpaka mwisho wa Januari. Mwandikie leo hii, mwambie ulikosea, ulikuwa mgonjwa, dawa zilikuchanganya, lolote. Mkuu yule anatafuta sababu ya kukubali, nimeiona usoni mwake. Mpe sababu.

Haraka, tafadhali. Mambo ya nambari tutayaongea ukiwa barazani.

Sindano


Tarehe 27 Desemba

Sindano,

Barua hazikupishana.

Mwaliko ulinifikia Jumatatu. Niliuweka mezani nikautazama siku nzima. Una muhuri mzuri, wa zambarau. Jumanne niliubeba mpaka mlango wa ofisi ya uhamiaji, nikapanga foleni, watu wawili mbele yangu, kisha nikatoka. Jumatano nikaandika kwa Mkuu.

27.4 na 31.2. Nambari hizo nazijua kama nijuavyo tarehe ya kuzaliwa. Ni ukurasa wa kumi na mbili wa daftari langu la kijani nililoliacha nyumbani, zao la kwanza kabisa, wiki mbili kabla ya orodha. Niliziandika mimi, nikazipigia mstari mara mbili. Na 19.6 na 14.1 ni za ukurasa unaofuata, nyanya ya sokoni niliyoinunua mtaani nikaipima siku hiyo hiyo bila kujua ilikua wapi, nikaiita ulinganisho. Ulifungua daftari ukaninakilia ujana wangu. Hukubadilisha hata nukta.

Wangeipanda wenyewe, Sindano. Mwaka mmoja tu wangegundua, na saini iliyoko kwenye karatasi ni yako. Na katikati ya hapo mgonjwa fulani angeambiwa kula hii, ina kinga kuliko nyingine. Nilishindwa kuingia nyumbani kwa mlango huo.

Niambie za kweli. Najua ulipima.

Kaka yako


Tarehe 8 Januari

Kaka,

Za kweli ni hizi. Ya kwetu: waridi 25, jekundu 27. Ya sokoni: waridi 25, jekundu 28. Ya sokoni imetushinda kwa moja. Fundi cherehani hakuwepo, alikuwa kazini kwake. Nilipima peke yangu, nikamwaga kila kitu, nikashuka ngazi zote zile nikiwa nimeshika mkoba wa vipimo kama mtu anayetoka kuzika.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Ni jua. Hakuna bawabu aliyelala. Ukipata jua unajaa, ukikosa unakauka, nyanya yoyote, yetu na ya yule mama wa sokoni.

Sasa unisikilize mimi. Mwaliko ulikuwa mkononi mwako. Watu wawili mbele yako.

Wangegundua, ndiyo. Unadhani sikujua? Mimi nimepima miaka thelathini na moja, unadhani sikujua kwamba watapima na wao? Wangegundua mwakani. Na mwakani wewe ungekuwa umeshakaa barazani miezi kumi na miwili, na nani angekurudisha? Saini yangu ni yangu. Aibu ningeila na chumvi, na mchana ningekupikia. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, na haikuwa na kosa.

Halafu umemwandikia Mkuu kwamba kosa ni lako, eti ulinipa maelekezo. Kumbe kudanganya unajua! Ulijua kudanganya kwa ajili yangu, ukashindwa kudanganya kwa ajili ya kuja.

Umenishukuru mara nyingi kwa kutunza mbegu. Sikuwahi kukusahihisha, sasa nakusahihisha. Vitamini za dunia sikuwa na shida nazo. Nilipanda kila mwaka kwa sababu mtu mwenye kitu cha kurudia hurudi. Mbegu ile ingekuwa ya mchicha ningeipanda pia.

Msimu huu sikupanda. Chini ya ukuta pana ndoo na kamba ya nguo, na nguo zenyewe hazikauki. Mpangaji wa nyuma anaingiza nyanya zake kwa lango, ananiangalia kwanza, mimi nageuza uso. Nimefunga tena madirisha ya chumba chako kwa sababu ya vumbi.

Sina hasira kama nilivyoanza barua hii. Nimechoka tu. Usiniandikie tena habari za mbegu, wala samahani. Lakini niandikie. Kama huna la kusema, niambie hali ya hewa.

Sindano


Tarehe 20 Januari

Sindano,

Umeniomba hali ya hewa.

Siijui. Chumba changu kiko chini ya barabara. Dirisha ni moja, karibu na dari, upana wake viganja viwili, na linachoona ni miguu ya wapita njia. Lile dirisha refu na meza mbele yake nilikuandikia mwaka wa kwanza ili usilie, halafu sikupata namna ya kuviondoa. Viatu vikilowa nakuandikia mvua. Vikiwa na vumbi nakuandikia joto. Wewe ulinificha kivuli miezi mitatu, nikakuita mwongo.

Kwa hiyo swali lako nalijibu kwa kadiri niwezavyo. Kibali nimekirudisha ofisini jana, na nilipotoka kulikuwa na mawingu. Leo sijatoka. Asubuhi viatu vilikuwa vichache. Saa sita amepita mwanamke mwenye raba nyeupe, safi, kavu mpaka chini, na kivuli chake kilikuwa kifupi na cheusi kabisa, kimekatika vizuri pembeni.

Nadhani jua lipo.

Kaka yako